Ikilia, Uishike

Kibuye, ku hospitali, siku ya ine, tarehe 4/2/1999

Papa,

Nimefika. Valens alinibeba ndani ya mashua yake kama trei ya mayai, kila wimbi anauliza, "Mama Murekatete, bado uko muzima?" Munganga amesema nilale tu. Nisisimame hata kwa kufagia, mpaka mutoto atoke. Ni karibu mwezi muzima wa kuangalia dari.

Juzi niliondoka mbio, maumivu yalinishika, sikupata kukueleza mambo ya simu. Huku Kibuye haiko na rezo, mtandao ya simu, hata kidogo, ndiyo maana nimeiacha kwako. Sikia vizuri, papa, na leo usicheke.

Ni wiki saba sijapata neno la bwana yangu Régis. Loli yake ilitoka Goma na chumvi, ikaenda Walikale, na watu wanasema njia ilifungwa nyuma yao na wenye bunduki. Namba anajua ni ya simu hii tu. Aliniambia, "Nikipata mufanyabiashara mwenye simu ya satelite, nitaita pale." Hajui kama niko hospitali. Na mi sijui kama bume wangu anaishi ao nimekuwa mujane. Yote iko ndani ya kile kitu kidogo nilikuachia ndani ya soksi nyeupe.

Donc uichunge. Isipate maji. Isianguke. Usiipeleke ku kabare, pale munakunywa, kuonyesha watu, nakujua. Rezo inatoka ngambo ya Goma, inafika tu ku dirisha yako ya juu, ile inaangalia mupaka. Muchana wote ikae pale. Kila siku mbili uende nayo kwa jirani Nyiramana mwenye courant, umeme ya nyumbani, uipe moto; kamba yake iko ndani ya soksi ile ile. Na ikilia, uishike. Mbio, papa. Usiache ilie.

Valens atarudi huku siku ya pili ao kesho yake. Umupe barua.

Mutoto wako,
Murekatete


Mbugangari, siku ya pili, tarehe 9/2

Mama yangu Murekatete, bibi wa dereva, malkia wa kulala,

Pole na dari. Mi nikilala mwezi muzima, Gisenyi yote itasimama, watu watauliza jua limeenda wapi.

Unisamehe herufi hizi kubwa. Unajua baba yako hakukaa ku masomo hata siku moja, herufi nilijifunza ku magunia ya kahawa pale bandarini, na ku gunia hakuna mutu anaandika kidogo-kidogo. Lakini niambie, nani mwingine wa umri wangu huku Gisenyi anaandika barua mwenyewe? Sebagabo? Yule anashika kalamu kama mwiko.

Sasa simu. Eh! Mama, kama padri angechunga kikombe cha misa namna mi nachunga simu yako, angekuwa askofu sasa. Nimeikatia kitambaa cha suti yangu ya ndoa, nimeishonea nguo. Iko ku dirisha, inaangalia Goma. Nzi ikitua nafukuza. Nyiramana alitaka kuigusa, nikamuambia, "Mama, mikono ile imetoka ku samaki ya sambaza, kanawe kwanza." Akanawa. Nikamukatalia vilevile.

Na ile neno yako kubwa nimelitimiza. Siku ya Mungu, saa tano, natoka misa, nafika ku mulango, nasikia inalia! Inalia kama mutoto mwenye kuumwa na siafu. Nikapanda ngazi ile na magoti haya, mi nasema kijana wa miaka makumi mbili angebaki chini. Nikaishika. Mikono yote miwili, pa kifua. Ilikuwa inatetemeka, masikini. Nikaiambia, "Hora, hora, usilie, babu iko hapa." Ikanyamaza. Nikairudisha ndani ya nguo yake. Kidogo tu, tena inalia. Nikaishika tena, nikaitembeza mule chumbani. Ikanyamaza. Mara ya tatu ililia sana, mama, mpaka nilianza kuiimbia. Nyiramana alikuwa amesimama ku ngazi, akasema labda iko na njaa, tukaenda kuipa moto. Tangu pale imetulia, hailii kabisa. Nyiramana anauliza nilijua namna gani. Nikamuambia, mutu amelea watoto sita na mikono yake, kilio gani kitamushinda?

Kwa hiyo wewe ulale na roho nzuri. Ya Régis, hakuna habari bado. Akiita nitakuandikia.

Mimi baba yako,
Kapiteni Mutabazi


Kibuye, siku ya ine, tarehe 11/2

Papa!

Papa, ile ilikuwa Régis.

Kushika simu ni kujibu! Kujibu! Si kuikumbata! Inalia juu mutu iko ngambo ile anaita! Mara tatu, papa. Mara tatu mutu amekaa ku pori na simu ya kuomba, anasikia inaita, inaita, na wewe uko unaiimbia.

Nimelia mpaka masera mumoja, mutawa muuguzi, alikuja na sindano. Munganga anasema nikiendelea hivi mutoto atatoka sasa, mbele ya wakati.

Angalia. Kati ya vifungo kuna kimoja cha rangi ya kijani. Ikilia, ufinye kile cha kijani, mara moja. Uweke simu ku sikio, upande wa antena uende juu. Useme "Allo". Sema kwa sauti. Usipofinya, hasikii kitu. Kile chekundu usikiguse hata kama malaika anakuomba.

Muambie niko Kibuye, ku hospitali, niko muzima, mutoto iko muzima. Muulize iko wapi. Usianze hadithi. Ku simu ya satelite watu wanapanga mustari.

Na usijiite kapiteni. Ulibeba magunia.

Murekatete


Mbugangari, siku ya kwanza, tarehe 15/2

Mama yangu,

Barua yako ilinikuta nakula. Sikumaliza. Kwa siku mbili Mbugangari haikusikia sauti yangu, watu walikuja kuangalia kama nimekufa. Nyiramana anasema yeye vilevile ni mwenye zambi, juu alisema iko na njaa.

Lakini sasa sikia! Sikia, na uite masera wasikie vilevile!

Tangu siku ya tano nilikaa ku kiti mbele ya dirisha. Kukojoa naenda mbio na kurudi mbio. Nilijifunza kijani mpaka kidole kinaenda chenyewe. Nyiramana anasimama ku ngazi anafanya "driin", mi nafinya, nasema "Allo". Mara makumi mbili kwa siku.

Na jana, siku ya Mungu, saa ine na nusu, ikalia ya kweli. Nikafinya. Allo! Nasikia upepo, nasikia kitu kama mafuta yanakaangwa, kisha mutu anasema, "Nani pale?" Mama, ni yeye. Régis. Bume wako iko anaishi.

Nilimuambia yote mbio: Kibuye, hospitali, wazima wote. Nikazani simu imekatika. Kumbe alikuwa analia, mwanaume muzima. Loli ilichukuliwa, chumvi ilichukuliwa, viatu vilichukuliwa. Walibaki na roho tu. Iko na mwenzake mumoja, dereva mwenzake, anaitwa Narcisse. Wako Walikale kwa mufanyabiashara mumoja, na ile njia kubwa ya Masisi hawawezi kupita, wenye bunduki wako pale. Wanataka kutembea na miguu ndani ya pori mpaka kutokea ku ziwa, upande wa Minova, lakini hakuna mutu anajua vizuri njia.

Hapo ndipo baba yako aliingia! Hakuniomba, mimi mwenyewe nilimuambia, "Mukwe wangu, unaongea na mutu mwenye alitembea njia ile na miguu hii, wakati ya Wabelgiji, na mizigo ku kichwa." Nikamupa njia yote. Siku saba unafuata mafuta ya zamani, mashamba ya ngazi, michikichi. Unapata centre ya mwisho, kijiji kikubwa, pale iko kanisa bila bati. Kesho yake unapata mito miwili inaungana, na pale njia inagawanyika mara mbili. "Shika mukono wa kushoto," nikamuambia, "wa kuume ni maji ya matope, inameza mutu mpaka kofia." Ku kushoto, siku tatu, utaona ziwa chini yako kama sahani. Akasema, "Bon, papa." Kisha Narcisse akachukua simu, akataka kusikia yeye mwenyewe na sikio lake. Nikamurudilia yote. Anarudilia nyuma yangu: "Kushoto. Ndiyo, muzee. Kushoto." Mutoto wa watu mwenye heshima sana. Aliandika namba yetu ku karatasi ya sigara.

Watatoka siku ya tatu ya wiki hii. Régis anasema ile centre ya mwisho iko mutu wa dhahabu mwenye simu ya satelite, akifika ataita tena mbele ya kuingia mule mitoni.

Sasa niambie tena nilibeba magunia.

Baba yako mwenye njia,
Kapiteni Mutabazi


Kibuye, siku ya tatu, tarehe 17/2

Papa wangu,

Iko anaishi. Nimeisoma barua mara kumi, masera wameisoma, mugonjwa wa kitanda ya karibu ameibusu. Asante, papa. Nilikuandikia vibaya. Unisamehe.

Sasa neno moja tu, na nakuomba uniambie kama vile uko mbele ya padri. Nimelala hapa nawaza. Mama, mbele ya kufa, alikuwa anacheka kila mara ukianza hadithi ya Walikale. Alisema, "Huyu hajapita Sake, hapa tu nyuma ya Goma, hata siku moja. Akisikia harufu ya pori anarudi kuuliza kama ugali imeiva." Mi nilikuwa mudogo, nilicheka vilevile.

Papa, ulipita njia ile, ao hukupita?

Nimemuambia Valens asitoke Mbugangari mpaka umeandika jibu.

Murekatete


Mbugangari, siku ya tano, tarehe 19/2

Mwanangu,

Sikupita.

Valens amekaa chini anakunywa chai, anazani naandika hadithi.

Sijawahi kufika Walikale. Mama yako alisema kweli, niligeukia Sake, mwaka ile ya mafuriko. Mutu alipita ni Sebagabo, mupishi wa mashua, huyu mwenye namuchekaka. Aliisimulia kila jioni wakati tunapakua kahawa, na aliisimulia vibaya, bila chumvi. Mi nikaichukua nikaitia chumvi. Miaka inaenda, watu wanaipenda kwangu, yeye akanyamaza. Mwisho mimi mwenyewe naona miguu yangu mule. Wakati Régis alisema hakuna mutu anajua njia, mdomo ulifunguka peke yake. Wallahi sikuona kama ni uongo. Niliona kama najua.

Jana, mbele barua yako haijafika, ile njia haikuniacha kulala, nikaenda Mahoko ku soko kumutafuta Sebagabo. Iko anauza ndizi, macho karibu yamekwisha. Nikamuambia, "Muzee, nipe tena ile njia ya Walikale." Akacheka. "Leo unakuja kuuliza mwenye mali?" Lakini aliisimulia. Mafuta, sawa. Kanisa, sawa. Mito miwili, sawa. Kisha akasema, "Pale unashika kuume."

Nikasema hapana, kushoto. Miaka makumi tatu nasema kushoto, na mukono hivi.

Akasema, "Onyesha."

Nikanyoosha mukono. Akanishika kidole, akakipapasa mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mutabazi. Kule mashuani ulikuwa unakaa wapi nikisimulia?"

Nilikuwa nakaa mbele yake, mwanangu. Uso kwa uso. Yeye anaonyesha na mukono wake wa kuume, mi naona unaenda upande wangu wa kushoto. Sikuishika na masikio, niliishika na macho. Hadithi yote niliiiba sawasawa, nikaigeuza pale tu.

Nikamuuliza ku kushoto kuko nini. Akasema ndiko matope. Wenzake wawili walikwenda kushoto. Aliwangojea siku mbili.

Walitoka Walikale juzi. Ku mitoni watafika siku ya ine inakuja. Mbele yake, ile centre ya mwisho, Régis atapiga. Iko siku ya tatu, tarehe 24, ao kesho yake asubui. Kuko ile simu moja tu ya kumuambia. Siondoki ku dirisha tena.

Usiamuke kitandani. Nakuomba. Uniandikie matusi yote unataka.

Baba yako


Kibuye, siku ya kwanza, tarehe 22/2

Papa,

Matusi baadaye. Maumivu yanakuja na kurudi, siandiki mingi.

Akiita, neno la kwanza ni KUUME. Usiseme Allo. Usisalimie. Sema, "Kuume, kuume, kushoto ni kifo," kisha salamu. Satelite inakatika.

Simu: usiifinye-finye bure kuangalia kama iko sawa, kila ukifinya taa yake inakula moto. Ku kioo kuna vijiti vine upande mumoja, ile ni moto. Ikibaki kijiti kimoja, iko karibu kufa. Usingoje kimoja. Toa ile nguo ya suti, inaziba joto, na simu ikipata joto inamaliza moto mbio. Usiiweke juani. Antena usiipinde. Ukiipeleka kwa Nyiramana, upeleke asubui sana, Régis hawezi kuita mbele jua halijatoka.

Nafikiri mutoto hatangoja munganga.

M.


Mbugangari, siku ya posho, tarehe 27/2

Mwanangu,

Nitakuandikia namna ilienda, bila chumvi.

Siku ya Mungu, tarehe 21, courant ilikatika Mbugangari yote. Tulizani ni ya saa moja. Siku ya kwanza haikurudi. Siku ya pili barua yako ikafika, nikahesabu vijiti: viwili. Nikatoa nguo. Nikaiweka ndani ya kivuli. Nyiramana alikwenda kuuliza kote, mpaka ku mashini ya kusaga, kote giza. Siku ya tatu asubui kijiti kimoja.

Kuko kabare chini, ku ziwa, mwenyewe Uwimpuhwe iko na grupe, mashini ya courant inazunguka na mafuta, anaiwasha saa tatu mpaka saa ine ya asubui kwa friji zake. Pale iko moto. Lakini pale haiko rezo, nilitembea na simu juu ya kichwa mpaka ndani ya maji, sikupata hata kijiti kimoja cha rezo. Ku dirisha iko rezo, moto haiko. Ku ziwa iko moto, rezo haiko. Mwanangu, nimeishi miaka makumi saba, sijapata kuwa na miguu miwili tu namna ile.

Nikawaza. Siku ya tatu nikabaki ku dirisha, na kijiti kimoja. Niliizima na kile chekundu ulinikataza, nikaiwasha kila mara kengele ya kanisa inapiga saa, nangoja kidogo, nazima. Haikulia. Jua lilishuka, nikaizima. Nikasema, bon, ni kesho.

Kesho yake asubui naiwasha, inawaka, inafanya mulio wa huzuni, inakufa. Saa mbili na nusu. Sikukuwa na njia ingine. Nilishuka mbio kwa Uwimpuhwe. Grupe iliwaka saa tatu. Nilikaa mbele yake nikihesabu vijiti, kimoja, viwili. Uwimpuhwe ananiambia, "Muzee, kunywa hata fanta." Nikasema ninyamazie. Saa tatu na dakika makumi ine niliitoa, nikapanda mulima. Nilianguka mbele ya nyumba ya mafundi-baiskeli. Magoti yalipasuka, simu sikuiachia. Saa ine na dakika kumi niko ku dirisha.

Ikakaa. Siku yote. Na siku ya tano. Na leo.

Haikulia.

Kama aliita wakati niko kwa Uwimpuhwe, kioo hakisemi. Nimemuuliza mutu wa kubadilisha pesa ku mupaka mwenye simu kama hii. Anasema simu ikiwa inje ya rezo haiachi alama. Kama hakuita kabisa, labda yule mutu wa dhahabu hayuko tena. Sijui. Hakuna mutu anaweza kujua.

Courant imerudi jana. Vijiti vine vyote. Inakaa pale ku dirisha.

Baba yako


Kibuye, siku ya ine, tarehe 11/3

Papa,

Ni mimi Régis naandika, Murekatete ananiambia maneno, lakini mengine ni yangu.

Mutoto alizaliwa siku ya tatu ya wiki ilipita, mwanamuke, mudogo sana lakini anapiga kelele kama soko. Mi nilifika Kibuye juzi. Nilitokea ku ziwa karibu na Minova, wavuvi wakanibeba mpaka kisiwa cha Idjwi, kisha huku. Miguu imevimba, ila ni yangu yote miwili.

Papa, nilishika kuume.

Sitaki uzani uliniambia kuume. Ulisema kushoto, nilisikia vizuri. Lakini nimekaa ndani ya nyumba yako miaka sita, papa. Nimesikia namna uliua chui na kasia. Nimesikia namna gavana wa Wabelgiji alikuomba chumvi. Kufika mitoni nikajisemea, kama baba mukwe anasema kushoto, basi ni kuume. Unisamehe. Ndiyo ilinileta hapa.

Pale centre ya mwisho nilikupigia, siku ya ine, saa tatu na nusu. Mwanamuke anaongea Kifaransa ndani ya simu, anasema mutu huyu hapatikani. Nikapiga tena, vilevile. Mutu wa dhahabu akasema inatosha, wengine wanangoja.

Hapo Narcisse aliniambia, "Tuna haja gani ya kuita tena? Muzee alishatupa njia." Nilimuambia ni muzee wa hadithi. Akanikatalia. Akasema, "Mimi nilimusikia na sikio langu. Ile ni sauti ya mutu mwenye alifika." Ku mito tulibishana karibu saa nzima. Alinikasirikia, akasema namukosea heshima mukwe wangu. Mwisho tukagawana mihogo. Yeye alishika kushoto, na mama mumoja muchuuzi wa mafuta mwenye alitufuata. Tuliahidiana mwenye kufika mbele atamungojea mwenzake ku Minova.

Nilingoja siku tano.

Murekatete anasema nisikuandikie hii. Mi naona lazima uijue. Kosa haiko yako peke yako, papa, hata mi ningeweza kumufunga kamba nikamuvuta.

Tunatoka hospitali siku ya kwanza. Valens atapita kwako, umupe simu, na kamba yake. Loli haiko tena, simu nitaitumia kutafuta kazi Kigali. Tutakuja kukuona, na mutoto.

Régis, na Murekatete


Mbugangari, siku ya posho, tarehe 13/3

Régis, mukwe wangu, na mama yangu Murekatete,

Mungu asifiwe juu ya mutoto. Mungu asifiwe juu ya miguu ya Régis. Ulifanya vizuri kunikatalia. Ningekuwa na akili yako ningejikatalia mimi mwenyewe zamani.

Nimemupa Valens barua hii, na samaki wa kukausha, na kitenge cha mutoto Nyiramana amenunua. Simu sikumupa. Musimulaumu, alijaribu, aliniita majina, nikamuambia anaweza kunibeba na kiti changu, lakini mikono yangu haifunguki.

Nitaeleza, kisha mutanihukumu.

Maisha yangu yote nilisimulia. Ku bandari, ku kabare, ku harusi za watu. Watu walicheka, waliongeza pombe, wakaenda kulala. Mama yako alicheka. Wewe ulicheka, mwanangu. Régis alihesabu uongo wangu na kuupima, ukamuokoa. Na mi nilifurahi hivyo, nilizani kuchekwa ndiko kuaminiwa. Kumbe ndani ya miaka makumi saba mutu mumoja tu ndiye aliniamini, sijapata kumuona uso, na iko ku kushoto.

Sebagabo nilimuleta hapa jana, nilimulipia pikipiki kutoka Mahoko. Nilimuuliza: mutu akiingia ku matope yale, anaweza kutoka? Alifikiri sana. Akasema kuko visiwa mule, vya majani, watu wa kuvua kambare wanajenga pale wakati ya kiangazi. Mutu akivifikia anaweza kukaa wiki tatu, ine, mpaka maji yashuke. Alisema "anaweza." Nilimuuliza kama anasema hivyo juu ya kunifariji. Akasema, "Mutabazi, mimi sijui kutia chumvi, ndiyo maana uliniibia."

Narcisse iko na namba hii. Ku karatasi ya sigara. Régis, wewe ulimuona akiiandika, na karatasi iko ndani ya mufuko wa nani? Si ndani ya wako. Akitoka, yeye na ule mama muchuuzi, akipata mutu mwenye simu, hatakuita wewe. Nyinyi mulikosana. Ataniita mimi, kuniambia amefika, kuniambia muzee, njia yako ilikuwa mubaya. Na mi nataka aniambie.

Kwa hiyo simu inabaki. Asubui saa kumi na mbili naipeleka kwa Nyiramana, saa moja naitoa. Naipangusa na kitambaa kikavu, sioshi. Muchana wote ku dirisha, ndani ya kivuli, antena imesimama. Courant ikikatika sishuki tena ku ziwa. Mugabo fundi wa radio amenitengenezea waya ku batri ya voiture, ya motokari, batri iko hapa chini ya kiti, nzito kama zambi. Sijatoka hata kwenda misa. Padri amekuja mwenyewe, amenipa hostia hapa hapa, nikamuomba aongee polepole.

Mutanunua ingine, ao mungoje. Mutoto mulete nimuone, lakini mulete huku juu, mi siwezi kushuka.

Watu wanapita chini wananiita, "Muzee, tupe hadithi moja!" Nawaambia leo haiko.

Baba yenu,
Mutabazi